Nyongo ya Kombe Ilikosa Njia

Kila asubuhi, nyumbani kwake katika kijiji cha Adu, Kadzo alifanya kazi tatu kabla jua halijapanda. Aliwafungulia mbuzi. Aliteka maji. Kisha alichemsha majani ya mwarobaini mpaka maji yakawa meusi, akampelekea mumewe.

"Kunywa, Baba Mwaro."

Kombe alikunywa. Alikunja uso, akazunguka nyuma ya jiko, akatapika. Kadzo alisimama mlangoni akisikiliza.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka," Kombe alijibu, ingawa hakujua hasa ni nini kilichotoka.

Walikuwa wakitoa nyongo. Macho ya Kombe yaligeuka manjano wiki tatu nyuma, na huku kwetu hakuna asiyejua maana yake. Nyongo imezidi. Na kitu kikizidi, kinapunguzwa. Kadzo aliambiwa hivyo na mama yake, na mama yake aliambiwa na mamake. Hata mimi ninayewaandikia nilinyweshwa mwarobaini nikiwa mdogo. Uchungu wake sijausahau mpaka leo.

Lakini jambo moja lilimtatiza Kadzo. Nyongo ilitapikwa kila siku, na manjano yalizidi kila siku. Nyongo yote hiyo ilitoka wapi?

Tena kulikuwa na kujikuna. Kombe alijikuna mikono, mgongo na nyayo. Alijikuna kwa kucha, akajikuna kwa gunzi la mahindi. Kipele hakuwa nacho hata kimoja. Usingizi ulimpotea. Akiwekewa ugali, alimega matonge mawili akasukuma sahani.

Na alikuwa na kazi kubwa mbele yake. Chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba maafisa wa ardhi watakuja kupima mashamba. Kila mtu aonyeshe mipaka yake. Shamba la Kombe halikuwa na ua wala waya. Mipaka alionyeshwa na baba yake, kwa miguu, pembe baada ya pembe: mti wa mnyaa hapa, jiwe pale, kichuguu kule. Baba yake alikufa zamani. Kombe peke yake ndiye aliyebaki akiijua. Alitaka awatembeze watoto wake wawili, Mwaro na Easter, kabla hajaishiwa nguvu kabisa. Lakini sasa hata kwenda chooni alipumzika njiani.

"Nikipata nguvu kidogo tu," alimwambia Kadzo. "Siku moja au mbili. Sitaki zaidi."

Siku moja Purity alipita. Purity ni mhudumu wa afya wa kijiji chao. Huenda nyumba hadi nyumba na mkoba wake begani.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Purity aliketi. Alimtazama Kombe machoni kwa muda. Halafu akauliza swali ambalo Kombe hakulitegemea.

"Baba, samahani. Mkojo wako ni wa rangi gani?"

Kombe aligeuka akawatazama mbuzi. Angejibuje? Binti wa umri wa mwanawe anamuuliza habari za mkojo, tena mbele ya mkewe!

"Kama chai ya rangi iliyokolea," Kadzo akajibu badala yake.

"Na choo kikubwa?"

"Kimepauka. Kama majivu."

"Kadzo!" Kombe akasema. "Na hilo nalo umelichungulia?"

"Nisipochungulia mimi, atachungulia nani? Chifu?"

Purity alicheka kidogo, kisha akawa makini.

"Nisikilizeni vizuri. Nyongo hutengenezwa na ini. Kutoka kwenye ini hupita katika mrija mwembamba mpaka kwenye utumbo. Kule husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake. Choo kikipauka hivi, maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo."

"Inakwenda wapi?" Kadzo aliuliza.

"Inarudi kwenye damu. Inageuza macho manjano. Inawasha ngozi. Inatokea kwenye mkojo."

"Kwa hivyo haikuzidi?"

"Haikuzidi, mama. Imekosa njia. Kuna kitu kimeziba mrija."

"Na hiyo anayotapika kila siku?"

"Anatapika mwarobaini na maji ya mwili wake. Unammaliza nguvu."

Kadzo aliitazama sufuria yake. Wiki tatu alikuwa akimtibu mumewe kwa mapenzi yote, kumbe alikuwa akimdhoofisha. Aliona aibu, na alimwonea Purity hasira kidogo pia. Lakini kesho yake hakuchemsha majani.

Hospitalini Malindi walimpima Kombe damu na kumpiga picha ya tumbo. Picha ilionyesha mirija ya ini imevimba. Wakamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Mombasa. Huko alipigwa picha nyingine katika mashine kubwa. Mwaro, anayefanya kazi katika jiko la hoteli Kikambala, aliomba ruhusa akaja kukaa na wazazi wake.

Siku ya majibu, daktari aliwaita wote watatu. Jina lake ni Daktari Nyokabi. Alichukua karatasi akachora ini, mrija na utumbo. Katikati ya mrija akachora duara jeusi.

"Hapa kuna uvimbe," alisema. "Ni saratani ya mrija wa nyongo. Pole sana, baba."

Kadzo ndiye aliyeanza.

"Ukateni basi. Muutoe."

"Hatuwezi, mama. Umeshika mishipa mikubwa ya damu, na umeingia kwenye ini. Tukimpasua tutamwumiza bure, na hautaisha."

"Basi turudi nyumbani," Mwaro alisema, akaanza kuinuka.

"Ngoja kidogo. Nataka tumwekee mrija mdogo ndani ya huu ulioziba."

"Huo mrija unaondoa saratani?" Mwaro aliuliza.

"Hapana."

"Unaizuia isikue?"

"Hapana."

"Sasa wa nini?"

"Wa kufungua njia," daktari alisema. "Baba atapewa dawa ya usingizi. Tutapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, ushuke tumboni mpaka kwenye utumbo. Kutoka hapo tutaingiza mrija mdogo katika njia ya nyongo, tuuache humo. Hatumkati tumbo. Nyongo itapita tena. Kuwashwa kutapungua, manjano yatapungua, hamu ya chakula itarudi. Lakini saratani itabaki."

Walitoka nje wakaketi kwenye benchi la barazani. Hapo ndipo vichwa vilipowazunguka.

"Mama, tumpeleke nyumbani apumzike," Mwaro alisema. "Wamesema wenyewe haponi. Wanataka kumwingizia mipira ya nini? Kumtesa tu?"

"Kama mrija hautibu, mbona wanauweka?" Kadzo alisema. "Na kama unasaidia, mbona wanasema haponi? Mimi sielewi. Labda kuna dawa wanatuficha."

"Hakuna dawa, mama. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Sijaelewa."

Walibishana mpaka mlinzi akaja kuwaomba wapunguze sauti. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Kombe. Walipogeuka, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Alikuwa amerudi taratibu chumbani kwa daktari, akishikilia ukuta. Wakamfuata mbio.

"Binti yangu," Kombe alikuwa akisema, "nina maswali mawili tu. Nitaacha kujikuna?"

"Wengi huacha, baba. Baada ya siku chache."

"Nitaweza kutembea? Si mbali. Kutoka nyumbani kwangu mpaka kwa Mangi, jirani tunayepakana naye."

Daktari hakumjua Mangi wala hakujua kwake ni umbali gani. Hata hivyo alijibu vizuri.

"Kukuahidi siwezi. Lakini ukibaki hivi ulivyo, sidhani kama utafika."

"Basi weka."

Kabla Kombe hajatia saini, daktari alimweleza na hatari zake. Wachache hupata maumivu makali ya tumbo au maambukizi baada ya kuwekewa mrija. Kisha aliwageukia Kadzo na Mwaro.

"Huu tunaouweka sasa ni wa plastiki. Baada ya muda huziba. Tutaubadilisha kabla ya miezi mitatu kwisha. Tarehe nimeiandika kwenye kadi. Lakini mkiona homa na kutetemeka, au macho yanarudi manjano, au mkojo unakuwa mweusi tena, au tumbo linauma sana, msingoje tarehe. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo."

Kadzo aliitikia kwa kichwa. Baadaye alisema kwamba siku ile angekubali chochote. Masikio yalikuwepo, akili haikuwepo.

Mrija uliwekwa. Kesho yake mkojo wa Kombe ulianza kurudi rangi yake ya kawaida. Siku ya tatu aliacha kujikuna, akalala usingizi mzito hata muuguzi akaja mara mbili kumtazama. Wiki tatu baadaye, nyumbani Adu, macho yake yalikuwa meupe. Alikula ugali kwa kunde za nazi, akaomba aongezewe. Kadzo alikwenda jikoni kumwongezea, akalia huko huko kwa furaha.

Na hapa ndipo kosa lilipotokea. Mimi simlaumu Kadzo. Ningekuwa mimi, labda ningefanya vilevile.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Madaktari walisema huyu haponi," alisema, akamshika Kombe mkono. "Mtazameni!"

Watu walipiga vigelegele. Kombe naye alipiga makofi, ila uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua anampigia nani.

"Kadzo, kwani nimepona?" alimuuliza wakirudi nyumbani.

"Unajikuna?"

"Hapana."

"Macho ni ya manjano?"

"Hapana."

"Basi umepona."

"Daktari alisema saratani itabaki."

"Imebaki wapi? Wewe unaiona?"

Kombe hakuiona. Akaamini. Na alipoamini, akaiahirisha ile safari ya mipaka. Ya nini haraka? Wakati upo. Tuvune mahindi kwanza. Mwaro naye atakuja Krismasi.

Purity alikuja kuwakumbusha tarehe ya kubadilisha mrija.

"Mtu mzima na afya yake arudi hospitali kufanya nini?" Kadzo alimuuliza. "Atafutiwe ugonjwa?"

"Mama, mrija huziba. Daktari aliandika."

"Kunywa chai, mwanangu. Itapoa."

Purity alikunywa chai, akarudia maneno yake, Kadzo akabadilisha mazungumzo. Tarehe ikapita.

Wiki mbili baadaye, saa sita mchana, jua likiwa kali, Kombe aliomba blanketi. Meno yalikuwa yakigongana.

"Malaria," Kadzo alisema.

Kila mtu alisema malaria. Mvua zilikuwa zimenyesha na mbu walikuwa tele. Tena homa ya kutetemeka hapa kwetu ina jina moja tu. Dawa ilinunuliwa dukani. Kombe aliimeza siku ya kwanza, akatetemeka. Aliimeza siku ya pili, akatetemeka zaidi na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka. Alimwita baba yake. Alisema jiwe limehamishwa.

Easter ndiye aliyeona.

"Mama, tazama macho ya baba."

"Ni kivuli cha nyumba."

"Si kivuli, mama."

Kadzo hakutaka kutazama. Easter hakungoja ruhusa. Alimpigia Purity simu, na Purity alifika kwa bodaboda. Alimtoboa Kombe kidole akapima malaria. Walisubiri. Kipimo kilionyesha hana.

"Si malaria," Purity alisema. "Mrija umeziba. Nyongo imesimama, na sasa imeingia vidudu. Hii inaua haraka, mama. Twende sasa hivi."

"Lakini alipona," Kadzo alisema.

"Hakupona. Alipata nafuu. Hivyo ni vitu viwili."

"Vinafanana mno!" Kadzo alilia. "Nitavitenganishaje mimi?"

Purity alimkumbatia, kisha akapiga simu kuita gari.

Malindi, Kombe alitundikiwa maji na dawa za mshipa siku hiyo hiyo, kisha ambulensi ikampeleka Mombasa. Daktari Nyokabi aliutoa mrija ulioziba. Safari hii alimwekea wa chuma chembamba kilichosukwa, ambao hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuziba. Siku ya tatu homa ilishuka. Kombe aliomba uji, na kila mtu akajua amerudi.

Kadzo alimfuata daktari mpaka mlangoni.

"Daktari, mimi nilikosea. Nilisema amepona. Sasa niambie kwa maneno ambayo siwezi kuyageuza hata nikitaka."

Daktari alimketisha kitini.

"Mama, ugonjwa huu ndio utakaomchukua mzee. Lini, sijui. Huenda ni miezi kadhaa. Mrija hauzuii hilo. Kazi yake ni kwamba miezi hiyo aikae bila kuwashwa, bila homa, akila, akiongea na watu wake. Akianza maumivu, njoo. Dawa za maumivu zipo, na tuna wahudumu ambao kazi yao ni hiyo tu, kumtunza mgonjwa asiyepona ili asiteseke."

"Kwa hivyo anakufa, na ana nafuu. Vyote viwili."

"Vyote viwili."

"Pamoja."

"Pamoja, mama."

Halikuwa jambo jepesi kulibeba, na bado lilimchanganya Kadzo. Lakini sasa alijua la kufanya. Alimpigia Mwaro simu.

"Omba ruhusa kazini uje. Baba yako anataka kuwaonyesha mipaka."

"Si tulisema Krismasi, mama?"

"Tulisema ujinga. Njoo wiki hii."

Mwaro alikuja. Kombe alitembea asubuhi mbili, kwa sababu moja haikutosha. Mwaro alibeba kiti cha plastiki, na kila baada ya hatua kadhaa baba yake aliketi akapumua. Easter alirekodi kwa simu na kuandika daftarini. Kadzo alikuja nyuma na chupa ya uji. Mzee Mangi, jirani wa upande wa magharibi, naye aliitwa, kwa sababu mpaka hauonyeshwi bila mwenye shamba la pili.

"Na msichana naye anaonyeshwa mipaka?" Mangi aliuliza.

"Ana macho," Kombe alisema. "Tena ndiye aliyeniokoa na malaria yenu."

Kwenye mnyaa wa tatu wazee wawili waligombana kweli kweli. Mangi alisema mnyaa ni wake. Kombe alisema mnyaa ulipandwa na baba yake, yeye Kombe akiwa mtoto amebebwa mgongoni. Walitajiana majina ya watu waliokufa. Kombe aliinuka kitini, akapaza sauti, akanyoosha fimbo. Kadzo alimtazama akigombana. Wiki mbili nyuma mtu huyu hakuweza kushika kikombe. Mwishowe Mangi alicheka, akasema haya, chukua mnyaa wako.

Njiani walikutana na mwanamke wa kanisani kwao.

"Mama Mwaro! Mzee amepona?"

Kadzo alifungua mdomo. Jibu la zamani lilikuwa tayari ulimini. Alilimeza.

"Hajapona," alisema. "Ni mgonjwa, na ataendelea kuwa mgonjwa. Lakini anakula, analala, na leo ametembea. Tarehe ya kliniki ni Alhamisi ya wiki ijayo, na tutakwenda."

Mwanamke yule hakujua aseme pole au hongera. Akasema zote mbili.

Walipofika pembe ya mwisho, Kombe aliketi akawatazama wanawe.

"Mmeona zote?"

"Tumeona, baba."

"Bado moja." Alielekeza fimbo chini, karibu na miguu yake. "Mtanizika hapa. Mmuachie mama yenu nafasi."

Kadzo alitaka kulia, akataka kumgombeza, hakujua aanze na lipi.

"Nani kakwambia nataka kulala na wewe hata huko?" alisema mwishowe, na sauti ikamkatika katikati.

Kombe alicheka, Mwaro na Easter wakacheka, na wote wakalia wakiwa bado wanacheka.

Kombe aliishi miezi saba baada ya siku hiyo. Kliniki zake alihudhuria zote. Maumivu yalipoanza alipewa dawa, na wahudumu walimfundisha Easter jinsi ya kumpa. Hakujikuna tena. Wiki zake za mwisho alilala sana, na alipoamka aliwajua watu wote kwa majina. Alifia nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono, na wakamzika pale alipoelekeza fimbo.

Maafisa wa ardhi walichelewa, kama kawaida yao. Walipofika na kamba na vyombo vyao, Mwaro na Easter waliwatangulia. Mzee Mangi alifuata nyuma. Kwenye mnyaa wa tatu kila mtu alimtazama, naye akaitikia kwa kichwa. Walizunguka shamba lote bila ubishi.

"Mashamba mengine tumekuta watu na mapanga," afisa mmoja alisema akiandika. "Nyinyi vijana mmejuaje pembe zote hizi?"

"Baba alituonyesha," Easter alisema. "Kwa miguu yake mwenyewe."

"Alikuwa mzima, basi."

"Hapana," Kadzo alisema. "Alikuwa na nafuu."